Mlango Tuliotembea Nao

Asubuhi tuliyoondoka Kitale, mama alijitwika mlango. Si beseni wala gunia, mlango mzima: mbao za saiprasi zilizoshikwa na vipande vitatu vya kukingama, komeo la waya, na tundu dogo kando ya komeo ambalo nilizoea kuchungulia nione kama mvua imekatika. Aliweka ngata kichwani, jirani yetu Mama Akiru akamsaidia kuinua, na mlango ukakaa bapa juu yake kama paa dogo. Mimi nilibeba sufuria ya uji, vikombe sita vya plastiki vikigongana ndani yake, na mfuko wa karatasi zangu.

"Baba Nekesa akija nimwambie mmeenda wapi?" Mama Akiru akauliza.

"Mwambie tumebeba mlango."

"Hiyo ndiyo direksheni?"

"Nani atasahau ameona mtu na mlango?" mama akasema. "Akiuliza njiani, ataambiwa."

Baba alikuwa ameondoka na lori la mahindi kama utingo. Mavuno mawili yalikuwa yamepita bila neno. Ule mlango aliutengeneza yeye mwenyewe, kazi pekee ya mikono yake iliyowahi kuisha.

Nilimuuliza mama tunaelekea wapi, akaniambia mbele. Nikatembea kando yake, ndani ya kivuli cha mlango, na kila nilipoinua macho niliiona ile X nyekundu imening'inia juu ya kichwa changu. Mama alikuwa ameugeuza upande huo utazame chini, watu wasiuone. Mimi tu ndiye niliyeuona, njia nzima, na mimi tu ndiye niliyejua X ile imetoka wapi. Ndivyo nilivyodhani.

Nimeishi miji mingi tangu siku hiyo. Nimeuza soksi, nimeosha matrekta, nimepika kwenye kambi za wajenzi, nimepaka rangi nyumba za watu ambao sikuwahi kujua majina yao. Shule niliiacha darasa la saba. Haikunishinda, ila kila niliposikia lori likinguruma barabarani nilitaka kujua linaenda wapi, na mwalimu hakuwa na jibu. Juzi fundi mmoja alinipa mkebe wa rangi nyekundu niufungue kwa msumari. Ile harufu ya rangi ya mafuta ilipotoka, ile kali inayokaa kooni kama dawa ya kikohozi, nilikaa chini juu ya ndoo iliyofunikwa. Fundi akaniuliza kama ni kizunguzungu. Nikamwambia ni Kitale.

Nyinyi wa rika langu, mlioandika kwa kipande cha penseli kilichochomekwa kwenye ganda la kalamu ili kisiishe mapema, mtanielewa nikisema kwamba zamani kitabu cha hadithi kilikuwa kitu cha kusikia tu. Vitabu vyote nilivyovijua vilikuwa vya shule. Na vitabu vya shule havisemi uongo: figo ziko mbili, mto unaanzia mlimani, na ndivyo ilivyo. Basi karatasi za Mama Akiru ziliponijia, nilizisoma kwa imani hiyohiyo.

Tuliishi upande wa Kipsongo, kwenye mistari miwili ya nyumba za mabati kando ya barabara. Mstari wa mbele alikaa Mama Akiru, aliyekuwa akikaanga njugu. Sisi tulikuwa wa pili, nyuma yake, na mama aliuza uji kwa vibarua waliopita alfajiri wakienda kutafuta kazi za mashamba. Mama Akiru alinunua vitabu vikuukuu, akavichana, akakunja kila ukurasa kama pembe ya ng'ombe na kutia njugu ndani. Vibarua walikula njugu, wakatupa karatasi, mimi nikaokota. Kwanza niliokota kwa sababu nilipenda kusoma chochote. Halafu nikagundua kwamba karatasi nyingi zilikuwa za kitabu kimoja.

Nilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Kilikuwa cha Kiingereza, chepesi, cha watoto wa umri wangu, na kila ukurasa ulinukia chumvi na moshi. Ulikuwepo mji mkubwa. Vumbi jekundu lilikuja likakaa siku nyingi, watu wazima wakaenda kutafuta maji, hawakurudi. Wakabaki watoto. Waliongozwa na msichana mwenye kiatu kimoja, na walilala ndani ya duka la vitanda, kila mtoto na kitanda chake, jambo lililonifanya niutamani sana mwisho wa dunia. Walichemsha maji yote. Walihesabu chakula kila jioni. Hawakuruhusu moto uzimike. Na kila walipokuta nyumba ambayo ndani yake mtu bado yuko hai, walichora X nyekundu mlangoni, ili wenzao wakipita wasimpite. Nyumba yenye X haikuachwa.

Kurasa zilinijia bila mpangilio. Leo msichana amevunjika mkono, kesho mkono ni mzima na ndio kwanza anapanda ukuta atakaoanguka. Akiru, binti wa jirani, alikuwa akiniwekea karatasi kabla hazijapata njugu, na kwa malipo nilimsimulia.

"Profesa Njugu," alikuwa akiniita, "leo wamekula nini huko?"

"Maharagwe ya mkebe."

"Kila siku maharagwe. Hao hawana mboga?"

Nilidhani mji ule uko mahali fulani si mbali, labda ng'ambo ya Mlima Elgon. Siku moja nilimuuliza mama kama amesikia habari za vumbi jekundu.

"Kila Januari," akasema, akiendelea kukoroga uji.

Basi siku wanaume watatu walipokuja na jaketi za kung'aa, tepu ndefu ya kupimia na mkebe wa rangi, sikushangaa. Nilikuwa nikiwangoja. Barabara ilikuwa ipanuliwe, lakini hilo hakuna aliyekuja kumwambia mtoto. Walipima kutoka katikati ya lami, wakaandika kwenye daftari, kisha wakapita mlango kwa mlango kwenye mstari wa mbele wakichora X. Kubwa, nyekundu, juu kidogo ya komeo. Watu wazima walitoka wakasimama wameshika viuno. Mwanamke mmoja alikaa chini barabarani. Nilimwona, nami nikafikiri ni uzito wa furaha, kwa sababu kwenye ukurasa wa tisini na kitu yupo bibi kizee aliyekaa chini hivyohivyo alipochorewa mlango wake.

Tepu iliishia kwenye ukuta wa kina Akiru. Wanaume wakafunga mkebe, wakaondoka. Sisi hatukuandikwa.

Mama hakuwapo, alikuwa amekwenda posho mil kusaga mahindi ya uji. Nilisimama mbele ya mlango wetu usio na alama. Tungepitwa. Watoto wa duka la vitanda wangekuja hadi kwa Akiru, wangemchukua na mama yake na kikaango chake, na sisi hatua kumi nyuma yao tungeendelea kungoja.

Mkebe waliutupa mtaroni. Chini yake kulikuwa na rangi ya kutosha kujaza kiganja. Niliongeza mafuta ya taa kidogo kutoka kwenye koroboi, nikakoroga kwa kijiti, na kwa kuwa sikuwa na brashi nikachukua gunzi la mahindi. Gunzi hushika rangi vizuri, ila huacha madoadoa kila mahali punje zilipokuwa. Nilichora mstari wa kwanza, nikapumzika, nikachora wa pili. Kisha nikajisugua mikono kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ikawasha, nikakaa kizingitini kungoja kusifiwa.

Mama alirudi na unga kichwani. Aliushusha. Alichuchumaa mbele ya mlango, akaigusa ile X kwa kidole kimoja, akakinusa kidole. Aliitazama muda mrefu, kisha akaitazama barabara muda mrefu zaidi.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Njoo ule."

Kesho yake alikwenda kuazima nyundo. Mama Akiru alikuja nayo mwenyewe, macho yamevimba kwa kulia, ili ajionee.

"Kwani na wewe? Si tepu iliishia kwangu?"

"Si unaona mlango," mama akasema.

"Ati walirudi saa ngapi?"

"Mimi nilikuwa posho mil. Nimekuta."

Akaanza kung'oa misumari. Mabati yalishuka moja moja yakilia, na mimi nikawa natabasamu peke yangu kama mtu aliyefungasha kwa safari ya sherehe. Akiru akaja kukaa kando yangu.

"Profesa, unacheka nini?"

"Tumeokolewa."

"Na nani?"

"Hiyo X. Si ndiyo ya kuonyesha tuko hai?"

Akiru aliniangalia hivi na hivi, kama anayetafuta mahali nilipogongwa. "Wewe, hiyo ni ya tingatinga. Nyumba ikiwekwa hiyo, tingatinga inakuja inakula. Mama yangu analia tangu jana, unafikiri analilia nini?"

Sijui kama mmewahi kusikia masikio yenu yakiziba mchana kweupe. Nilimtazama mama juu ya ngazi, bati la tano mikononi. Mara mbili watu wa baba walikuwa wametoka mahali paitwapo Kwanza kuja kumwambia ahamie kwao, na mara mbili alikataa kwa maneno yaleyale: akirudi atatukuta wapi? Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kungoja kwake. Ilikuwa salama, tepu ilikuwa imeiacha, na mimi nilikuwa nimeichorea tingatinga. Baba angerudi akute uwanja.

Nilifungua mdomo. Bati la tano likaanguka, nikaufunga. Baada ya hapo kila bati lilifanya maneno yawe magumu zaidi, na lilipoanguka la mwisho sikuwa tena na nyumba ya kuokoa kwa kusema ukweli. Nilibaki na siri tu. Mabati mama alimwachia Mama Akiru, aliyekuwa anakwenda kujenga kwa dada yake na hakuwa nayo ya kutosha. Mlango hakumwachia mtu.

Hiyo ndiyo asubuhi tuliyoondoka.

Wenye pikipiki walitupigia honi. Mmoja alipunguza mwendo akauliza, "Mathe, nyumba imeanguka wapi?" Mama akamjibu kwamba iko nyuma, inakuja polepole. Jua lilipopanda, trekta lililokuwa likivuta tela tupu likasimama. Dereva alikuwa mtu wa Tongaren, mwenye kofia ya sufu licha ya joto.

"Mama, huo mrango unauza?"

"Siuzi."

"Nakupatia debe mbili za mahindi."

"Siuzi, ndugu yangu."

"Basi pandeni. Ukichoka kukataa utaniuzia."

Hakuchoka. Tulikaa Tongaren mpaka masalio yalipoisha. Wavunaji walikuwa wamepita, na mwenye shamba aliwaruhusu wanawake waokote mahindi yaliyosahaulika chini ya mabua, nusu yake, nusu yao. Tulilala kwenye stoo ya magunzi, mlango wetu umeegeshwa penye upenyo kuzuia upepo. Huko nikawa msichana mwenye kiatu kimoja. Nilichemsha maji yote hata ya kunawa. Nilihesabu vikombe jioni, sita, kila jioni sita. Nililinda moto kama askari. Nilifikiri nikifanya kila kitu sawasawa, kile kimoja nilichoharibu kitapungua ukubwa.

"Kitabu kinasema nini leo?" mama alikuwa akiniuliza tukiamka.

"Tusinywe maji ya mtaro."

"Hata bibi yangu alisema hivyo, na hakusoma."

Dereva wa trekta alipita kila siku mbili tatu kuuliza habari za mlango. Alitaka kuufanyia banda la kuku. "Mrango bila nyumba ni mbao tu," akasema siku moja.

"Na wewe bila trekta ni nani?" mama akamjibu, na wanawake wote wa masalio wakacheka mpaka wakaketi. Alikuwa ameanza kucheka, mama. Niliona, na haikunipa raha. Nilidhani anacheka kwa sababu hajui.

Nilijaribu mara moja. Tulikuwa peke yetu katikati ya mabua, jua bado dogo.

"Mama."

"Mm."

"Ile X."

"Okota, Nekesa. Jua linapanda."

Nikaokota.

Masalio yalipoisha, lori la magunia lilikuwa likienda Bungoma na dereva akakubali tukae juu ya mzigo. Nililala chali juu ya mahindi. Sikuwahi kuona mbingu ikikimbia namna ile. Nafikiri ugonjwa wangu wa barabara ulianzia hapo, mgongo juu ya gunia, nikiona kwamba kila baada ya kona kuna kona nyingine na watu wanaoishi hapo kana kwamba ndipo katikati ya dunia. Sikuwa na haki ya kufurahi, lakini nilifurahi.

Bungoma tulishuka mchana, tukaanza kuuliza vyumba. Nyumba ya kwanza walisema imejaa. Ya pili walisema hawataki watoto, na mtoto alikuwa akilia humohumo ndani. Ya tatu mwenye nyumba alimtazama mama kuanzia miguuni hadi mlangoni, akasema mtu anayetembea na mlango ana kesi na mtu. Mama akamshukuru.

Tulifika kwenye uchochoro nyuma ya msikiti, watu wakitoka kuswali alasiri. Mwanamke wa makamo, mtandio mweupe umefungwa nyuma, alikuwa akifagia ua uliozungukwa na vyumba vya udongo vilivyopakwa chokaa. Kimoja kilikuwa wazi. Nikisema wazi, ni wazi: kilikuwa na kuta, paa, dirisha na kizingiti, na pale penye mlango palikuwa na gunia limetundikwa.

"Hodi," mama akasema.

Mwanamke alituangalia, akaacha kufagia. "Karibuni. Kama huo mlango unauzwa, mimi nauhitaji kuliko unavyojua."

"Hauuzwi, mama. Natafuta chumba."

"Chumba kipo. Hicho. Mpangaji wa mwisho alihama na mlango. Aliubeba, bwana, mchana, mimi nikiwa sokoni." Akautazama tena mlango uliokuwa kichwani kwa mama. "Na wewe wako umeung'oa kwa nani?"

"Ni wangu. Uliachwa na nyumba."

Watu wa uani walimwita Mama Zuhura, tukamwita hivyo. Alitukaribisha tushushe mzigo. Alisema anaweza kutungojea kodi mpaka mama apate kazi, maana chumba kisicho na mlango hakimletei kitu, na sisi tuna mlango usio na chumba, basi Mungu ametufanyia hesabu rahisi. Mama alicheka kwa uchovu. Akainama, tukaushusha mlango pamoja, tukauegemeza ukutani.

Tuliuegemeza vibaya. X ilitazama nje.

Uso wa Mama Zuhura ulibadilika. Alirudi hatua mbili kama aliyeona nyoka kwenye kuni.

"Hapana, mwanangu. Hiyo alama naijua. Kule stendi walichora hivyo, wiki ya pili hapakuwa na stendi. Mimi nimeolewa katika ua huu, nimezalia hapa. Mtu wa kupima akipita aone X kwenye ukuta wangu, nitamwambia nini? Chukueni mlango wenu mwende salama. Maji nitawapa."

Mama alichukua ngata, akaikung'uta vumbi, akainama aiweke kichwani. Hapo niliona utosi wake. Palikuwa na duara mahali nywele zilikuwa zimekatika zote, ukubwa wa kikombe cha uji, ngozi inang'aa. Mlango ulikuwa umezila. X yangu ilikuwa imezila.

"Si ya watu wa kupima," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Niliichora mimi. Rangi waliitupa mtaroni. Kwenye kitabu ile X ni ya kusema ndani kuna mtu yuko hai, asipitwe. Kila mtu alikuwa nayo, sisi hatukuwa nayo." Sauti yangu ilikuwa ikipanda bila ruhusa. "Nyumba yetu haikuwa ya kubomolewa. Tepu iliishia kwa kina Akiru. Ni mimi."

Nilifumba macho nikangoja kofi. Nilisikia mfagio ukianguka. Nilisikia kuku.

"Najua," mama akasema.

Nikafumbua macho.

"Nekesa, watu wa barabara wana brashi. Ile imepakwa na gunzi, hata mtu hajasoma anaona punje. Halafu wao ni warefu." Aliweka kiganja penye kiuno chake. "X gani ya serikali inaishia hapa?"

Mama Zuhura aliinama akaikagua ile X kwa karibu, madoadoa yake yote, urefu wake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuuliza.

"Sasa kama ulijua, mbona ulibomoa?"

Mama alikaa kizingitini mwa kile chumba kisicho na mlango.

"Mstari wa mbele wote walikuwa wanaenda," akasema. "Vibarua walikuwa wanapita kwao ndiyo wafike kwangu. Ningebaki hapo nampikia nani? Nilikuwa nimeona hiyo kitambo. Lakini kila nikitaka kuondoka, nasikia watu wa bwana yangu: umemkimbia, hukungoja. Sasa narudi posho mil, napata mtoto amenipatia X." Aliutazama mlango kana kwamba ndio kwanza anauona. "Hakuna mtu anauliza mwanamke kwa nini amehama nyumba ya X. Hata mama mkwe."

"Ungeniambia," nikasema. Nilikuwa nalia sasa.

"Na wewe ungeniambia. Nimekungoja tangu Tongaren."

"Nilijaribu. Ulisema niokote."

"Jua lilikuwa linapanda," mama akasema, na Mama Zuhura akaanza kucheka upya.

Aliingia ndani mwake, akatoka na kopo la misumari iliyopinda na kipande cha tairi. "Unapika nini huko kwenu?"

"Uji. Wa wimbi, wa mahindi, wa kuchachusha."

"Ramadhani inaingia wiki ijayo. Ua huu wote wanafuturu kwangu, na binti zangu uji wao una mabonge kama mawe ya mto. Wa pilipili manga unaujua?"

"Nitajifunza."

"Utajifunza. Lakini sikiliza." Alimwonyesha mama mlango kwa kidole. "Hiyo kitu ikae ndani. Nje nataka mbao. Watu wa tepu sitaki waje kunywa chai kwangu."

Tulikata tairi vipande viwili, tukavipigilia viwe bawaba. Misumari tuliinyoosha kwa jiwe. Mlango ulikuwa mfupi kuliko uwazi kwa shubiri moja, kwa hiyo chini pakabaki mwanya ambao paka wa Mama Zuhura aliupitia kabla hatujamaliza, akaenda kulala katikati ya chumba kama mwenye mkataba. Wapangaji wengine walitoka kutazama. Mtu mmoja akauliza kama tumetoka mbali na huo mlango. Mama akasema Kitale, kwa njia ya Tongaren, na yule mtu akapiga mluzi. Nikafikiri, huyo hatasahau.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na jua la jioni liliingia kupitia tundu kando ya komeo, likapiga ukuta wa chokaa, doa dogo la njano. Nilikaa sakafuni na mfuko wangu wa karatasi. X ilikuwa mbele yangu, upande wa ndani, mahali ambapo ni sisi tu tungeiona.

Mama alipanga vikombe kwenye dirisha. Sita. Kisha akauliza, akiwa amenipa mgongo, "Wale watoto wa duka la vitanda. Mwisho wao ulikuwaje?"

"Sijui. Sikupata karatasi za mwisho. Zilienda na njugu."

"Hukusoma mahali wamekufa?"

"Hapana."

"Basi wako hai," mama akasema, akavuta mlango, akafunga komeo la waya, na kwa mara ya kwanza tangu Kitale tukawa ndani.